Mkeka wa kukaushia kidonda

Jumatano, Kulesa

Na uani sitoki. Shangazi akasirike mpaka achoke.

Asubuhi alikuja na kikopo cha samli, akatandika mkeka pale jua linapowaka. Alitaka anipake kidonda cha puani, kisha nilale hapo kikauke, maana kwetu kila kidonda hukaushwa juani.

"Kimevimba, kimekuwa chekundu," akasema. "Hiyo ni damu yako inapigana, mwanangu."

Nikamweleza kama daktari wa Garsen alivyonieleza, kwamba kidonda hiki ni saratani ya ngozi. Ngozi hii nimeirithi kwa baba na mama, na ikiunguzwa na jua haiwezi kujitengeneza. Jua huivimbisha, na papo hapo huwalaza askari wa mwili ambao wangeiua saratani ikiwa bado changa. Kwa hiyo nikivimba hakuna anayepigana. Ninaungua tu.

"Madaktari hao," akasema, akanishika mkono aniinue.

Nikauvuta. Nikamuuliza marehemu kaka yangu Salim, aliyekuwa na ngozi kama yangu, alikaushiwa kidonda chake kwenye mkeka gani.

Ni mkeka huu huu, na aliyeutandika ni yeye.

Najua nilimuumiza. Wiki ijayo nakatwa hiki kidonda na ninaogopa, pua yangu itabaki vipi, sijui. Lakini kulala juani ili mtu mwingine aridhike, hapana.

Alasiri nilimkuta chumbani mwangu na nyundo, akipigilia leso yake ya kujitanda dirishani.

Sikumshukuru. Nilimwonyesha kona ya chini, ilikuwa bado inapitisha mwanga.