Godoro Lako Liko Bwawani

Darrell,

Supu ya maboga iko kwenye friji, ipashe. Usiwashe pampu ya bwawa la kuogelea. Nimeshatoa maji kwenye mabomba na kuziba matundu, maana usiku wa leo maji yataganda kwa baridi.

Yale majani uliyokuwa ukisema "kesho naopoa" tangu Septemba, nimeyaopoa mwenyewe asubuhi. Chini nilikuta chura amekufa. Sikuhisi kitu, hata kinyaa.

Ule mto wa kujaza upepo tunaouweka chini ya turubai la bwawa, barafu isije ikapasua kuta zake, umeoza. Badala yake nimeweka godoro la upepo unalolalia sebuleni tangu tugombane. Usilitoe, turubai nimeshalikaza.

~~Nenda kalale kwa kaka yako.~~ Mlango wa chumbani sijaufunga.

~~Mama Kelsey~~
Mkeo