Safisha

Jumatatu, 2 Juni 2025

Mvua tangu asubuhi hapa Eldoret. Stima imepotea mara mbili. Bethwel, mkubwa wangu, amenipa kazi ya wiki: kunyoosha maelezo ya msaada ya Debe. Ni programu yetu ya skrini nyeusi, hakuna picha, unaandika amri tu. Kila "debe" ni programu na data yake zimefungwa pamoja. Vyama vya maziwa vinaweka humo rekodi za wakulima. Karani akikwama anaandika "debe msaada", maelezo yanatokea kwa Kiswahili.

Kiswahili gani hicho! Mstari mmoja unasema: "Ondoa yote ambayo si kukimbia." Nimecheka peke yangu. Nani anakimbia? Kumbe ni debe lililowashwa, Kiingereza husema "running".

Jumatano, 4 Juni

Akello, ndiye aliyeunda programu, anataka hata amri zenyewe ziwe za Kiswahili. Anzisha. Simamisha. Ile ya "si kukimbia" ikatukwamisha. Nilisema futa. Bethwel akakataa, eti wateja wataogopa. Nikasema, basi safisha. Na maelezo: "Husafisha madebe yaliyosimama."

Maneno matatu! Akello akasema sasa hiyo ni fupi. Bethwel akasema, "Musimbi, kumbe uko na kichwa." Mara ya kwanza kunisifu tangu aniajiri.

Ijumaa, 6 Juni

Imetumwa kwa wateja wote. Baridi. Nimelala mapema.

Jumatatu, 9 Juni

Sijui nianzie wapi.

Simu kutoka Moiben, Bethwel akaiweka kwa sauti ya juu tusikie sote. Mama mmoja anaitwa Leonida, karani wa chama cha maziwa. Rekodi za mwezi wa tano zote hazipo. Jina la kila mkulima, kila lita.

"Mama, uligusa nini?" Bethwel akauliza.

"Sikugusa kitu, mwanangu. Jumamosi jioni nilisimamisha debe, halafu nikasafisha."

"Ulisafisha kwa nini?"

"Si ninyi mmeandika? Na debe la maziwa si huoshwa jioni? Usipoliosha, ya kesho yataganda."

Akello akaweka kichwa juu ya meza. Amri ile inafuta kila debe lililosimama pamoja na vilivyomo. Hakuna kurudisha. Nakala ya akiba je? Bethwel anasema ilikuwa kazi ya chama. Chama kinasema ilikuwa kazi ya Bethwel.

Nimeukumbuka mstari niliocheka. Ondoa yote. Ulikuwa mbaya, lakini haukudanganya mtu.

Jumanne, 10 Juni

Bethwel amefunga mlango. Kamati ya Moiben inakaa Alhamisi. Wakulima wanasema Leonida amefuta makusudi, eti alikuwa anakula lita zao. Akipatikana na makosa atafutwa kazi, labda na polisi juu.

"Ingia pale usafishe," Bethwel akaniambia. Nikamtazama. Hata hakusikia neno alilotumia. "Andika wazi kwamba inafuta. Tarehe iwe ya mwezi wa tano, ionekane onyo lilikuwepo tangu mwanzo. Kompyuta yao itachukua maneno mapya yenyewe ikipata mtandao."

Nikauliza, na yule mama?

"Yule mama ako na ng'ombe. Wewe uko na nini? Ama unataka kurudi kwenu Mbale ukauze ndizi?"

Akello alikuwa ameweka vidude vya muziki masikioni. Hakuna muziki uliokuwa ukicheza. Nilikuwa karibu, ningesikia.

Nimeandika: "Onyo! Hufuta kabisa madebe yote yaliyosimama pamoja na data yake. Haiwezi kurudishwa." Sentensi nzuri. Ingekuwa nzuri wiki iliyopita.

Jumatano, 11 Juni

Kazi hakuna. Nimefungua ule ukurasa, nikaufunga. Nikaufungua. Tarehe yangu ya uongo imekaa pale kama ya kweli.

Alhamisi, 12 Juni

Moiben. Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya ofisi ya chama. Bethwel yuko ndani na kamati. Nitaitwa niwasomee msaada unasema nini.

Leonida amekaa kando yangu. Mama wa miaka hamsini hivi, sweta ya kijani, viatu vya mvua. Hanijui. Anadhani mimi ni karani tu kama yeye. Ameniletea chai ya maziwa matupu, eti watu wa Eldoret tunakunywa maji ya rangi.

Anaongea polepole. Anasema jana usiku alisoma tena ule msaada. Maneno ni mengine. Ameyasoma mara nyingi. "Mwanangu, labda ni macho. Ama ni akili imeanza kuniacha. Nilikuwa nimeona safisha tu, naapa."

Nilikunywa chai.

Sasa anasema yale aliyoyaona, hata kama aliyaota, yalikuwa Kiswahili kizuri. "Mtu akisoma anaelewa mara moja."

Bethwel ametoa kichwa mlangoni. "Musimbi, kuja."

Leonida amenipokea kikombe ili nisimwage. Anauliza kama yeye pia aingie, asikie nikisoma.