Goti la Mwanaidi

Mdogo wangu Zaina,

Hujambo huko Pangani? Sydney leo ina baridi ya kuumiza meno, na mjukuu wangu amenichosha. Mwanaidi, bingwa wetu wa kuteleza kwenye theluji, amepasuliwa goti tena, mara ya pili sasa. Nilimsindikiza hospitali nikitumaini daktari atamkanya. Unajua alifanya nini yule bwana? Alitoa kofia, akamwomba bingwa amtilie sahihi!

Sasa yuko jikoni kwangu. Amesimama juu ya mto kwa mguu ule ule mbovu, anaufundisha kutulia, nami nakaanga maandazi.

"Keti, mwanangu, utaniangukia kwenye mafuta."

Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake: "Nikiketi, Bibi, nitazeeka kama wewe."

Adabu hana hata chembe! Halafu goti likaanza kumtetemeka, machozi yakamtoka, na kwenye mto hakushuka.

Zaina, ile dua niliyokuomba uisome ili aiache theluji, basi, usiisome tena. Mwombee goti lishike.

Nina hamu nawe sana.

Dada yako,
Mosi