Siku Nne Nyuma ya Yona

Jumatatu, 2 Juni

Nimefunga matawi ya mizabibu, mistari mitatu. Upepo wa kipupwe umepasua midomo. Saa kumi na moja jioni Yona alikuja tena, jioni ya tatu mfululizo. Yona ni jirani yangu hapa kijijini Zuzu, mchuuzi wa mbuzi: hununua wilayani Chemba, huuza mnadani. Alianza kuvuta sigara akiwa mtoto machungani. Sasa kidole gumba cha mguu wake wa kushoto kimekuwa cheusi. Daktari amemwambia damu haifiki huko kwa sababu ya sigara. Akiacha, huenda kikapona. Asipoacha watakikata, na hawataishia kidoleni. Ameacha tangu juzi, Jumamosi.

"Mwalimu, siku ya tatu wewe uliivukaje?"

Nikamwambia nilisali na kunywa maji mengi.

Uongo. Siku ya tatu siijui, wala ya pili. Miaka sita iliyopita nilisimama kanisani nikashuhudia kwamba Bwana ameniondolea sigara baada ya miaka thelathini na mmoja. Wanawake walipiga vigelegele. Sikusema kwamba wiki mbili kabla ya siku hiyo mwanangu Amosi aliniletea sigara ya umeme kutoka Dar es Salaam. Tangu hapo imo katika mfuko wa ndani wa koti langu. Ilikuwemo hata wakati wa vigelegele.

Yona alipoondoka nilikwenda nyuma ya banda la kuku nikavuta mara nane. Nimekasirika. Sijui kwa nini nimkasirikie mtu aliyeuliza swali zuri.

Jumanne, 3 Juni

Siku ya nne kwa Yona. Kichwa kinamgonga, hapati choo, amemfokea mkewe mbele ya wageni. Anataka kujua kama na mimi ilikuwa hivyo. Nikasema ndiyo, hasa kichwa. Akaondoka amefarijika kwa ugonjwa nilioutunga.

Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na minne. Sikuwahi kuingia darasani bila andalio la somo. Wenzangu waliofanya hivyo niliwaripoti kwa mkuu wa shule. Sasa kila jioni ninafundisha somo nisilolisoma, na mwanafunzi ana mguu wa kupoteza.

Kesho ninaacha. Si kwa utakatifu. Ninaacha ili nijue ninachosema.

Jumatano, 4 Juni

Siku ya kwanza. Chombo, chaja na chupa mbili za maji yake nimevifungia katika stoo ya salfa, dawa ya mizabibu. Ufunguo nimempa mke wangu. Mama Amosi hakuuliza kitu. Aliupokea kama anayepokea kibiriti, akaufunga katika pindo la khanga. Alijua miaka yote sita. Afadhali angegomba.

Vijana hukiita "vepu". Kwa miaka sita nimekataa kuliandika neno hilo. Kitu chenyewe sikukikataa.

Saa nne asubuhi nilizima redio. Mtangazaji alisema "masaa mawili". Siku nyingine mimi humsahihisha kwa sauti na kuendelea na chai. Leo nilitaka kuitupa dirishani.

Alhamisi, 5 Juni

Ya pili kwangu, ya sita kwa Yona. Niko nyuma yake siku nne. Yeye ananiuliza ya sita, mimi sijui kama nitaimaliza ya pili. Nilimjibu kwa mstari wa Zaburi. Hilo ni jibu la mtu asiye na jibu.

Mikono inatetemeka. Nimekata tawi zima lenye vichala kwa kukosea. Meno yananiuma yote kwa pamoja, hata yale niliyokwisha kung'oa.

Ijumaa, 6 Juni

Ya tatu. Nimemgombeza jogoo kwa sentensi kamili.

Jumapili, 8 Juni

Ya tano. Mchungaji ametangaza kwamba Jumapili ijayo, sikukuu ya mavuno, Mwalimu atatoa tena ushuhuda wake wa sigara. Vijana wanahitaji mfano, alisema. Yona alikuwa ameketi kando yangu, mguu ameunyosha mbele kwa sababu kiatu hakimwingii. Alinipiga paja kwa furaha. Nilitaka kumpiga kofi. Nilitaka kumpiga mchungaji, na kwaya yote, sauti ya kwanza hadi ya nne.

Nyumbani nilimwomba Mama Amosi ufunguo.

"Wa nini?"

"Nataka salfa."

"Jumapili hii, na viatu vya kanisani?"

Hakunipa. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Aliendelea kuchambua mboga.

Jumatatu, 9 Juni

Ya sita kwangu, ya kumi kwa Yona.

Alikuja anacheka. "Mwalimu, leo nimekula mlenda nikausikia mpaka kisogoni! Miaka yote nilikuwa nakula matope." Kidole kinamwasha, naye anaamini kuwasha ni kupona. Mama Amosi alimletea chai, nami nikaletewa yangu. Kikombe kikanimwagikia. Yona akaona.

"He! Mbona mikono inacheza ngoma, Mwalimu? Kama yangu wiki ile. Au na wewe umeacha juzi?"

Ulikuwa utani. Haukuwa kitu kingine.

Nilisimama. Nilimwambia mtu mzima hashikwi mkono kama mtoto wa chekechea. Nilimwambia nimechoka kusikiliza kichwa chake na choo chake kila jioni. Nilimwambia kama hawezi kuacha peke yake, avute mpaka mguu udondoke, akaunadi pamoja na mbuzi wake.

Alitazama chini. "Haya, Mwalimu. Nisamehe kwa usumbufu." Akaondoka akichechemea. Chai aliiacha nusu.

Nilijisikia vizuri kwa muda wa dakika tano hivi. Ninaliandika hilo kwa kuwa ni kweli.

Jumanne, 10 Juni

Yona hakuja. Nimekunywa chai bila kusumbuliwa. Nilitazama njia mara nyingi.

Jumatano, 11 Juni

Mama Amosi alikwenda madukani karibu na stesheni kununua mafuta. Amemwona Yona kwenye kibanda cha sigara. Anavuta. Moja ilipokaribia kwisha aliitumia kuwashia ya pili.

"Ulimwambia nini mwenzio?"

Nilimpokea mafuta.

"Siku kumi, baba Amosi. Alizitafuta kwa jasho."

Hasira iliyonishika sijawahi kuiona. Kwa Yona, kwa udhaifu wake. Kwa Amosi na zawadi zake za mjini. Kwa mke wangu, kwa kunyamaza miaka sita na kusema leo. Nilichukua nyundo nikavunja kufuli la stoo. Chombo kilikuwa hakina chaji. Nikakichomeka sebuleni, mke wangu ananitazama, nikasimama kando ya soketi kusubiri taa igeuke kijani.

Nilifungua chupa nikanusa. Imeandikwa kwamba ladha yake ni zabibu. Nimelima zabibu miaka kumi na tisa. Zabibu hainuki hivyo. Hiyo ni harufu ya peremende iliyoyeyukia mfukoni mwa suruali, na mimi nimeimeza miaka sita nikiiita pumziko. Nilijitazama: mtu wa miaka sitini na minane, mzee wa kanisa, amesimama ukutani kama ng'ombe anayesubiri zamu ya josho.

Taa ilikuwa bado nyekundu. Nilikichomoa nikaenda nacho chooni. Choo chetu cha nje ni cha shimo, kirefu. Chombo, chaja, chupa mbili. Nilisikia kila kimoja kikifika.

Siku ya nane. Sikuvuta. Yona amevuta.

Ijumaa, 13 Juni

Ya kumi. Nimekwenda kwa Yona. Alikuwa amerudi kutoka Chemba, anahesabu mbuzi wapya. Alinipa kigoda yeye akabaki amesimama kwa mguu mmoja, mwingine ameuegemeza kwenye mti wa zizi. Mdomo ulinuka sigara. Kidole sikuthubutu kukitazama.

Nilimwambia yote. Chombo, koti, ushuhuda, maji na sala za uongo, kichwa cha uongo. Kwamba niliacha baada yake, si kabla yake. Kwamba mikono ilitetemeka kwa sababu aliyoitaja.

Alicheka. Hakikuwa kicheko kizuri. Akamwita mkewe.

"Njoo usikie! Kumbe wote tulikuwa tunavuta, ila Mwalimu alikuwa anavuta zabibu!"

Mkewe alifunika mdomo kwa khanga. Yona akaacha kucheka.

"Unajua nilikuwa nasali nini, Mwalimu? Nilikuwa nasema, Mungu, mbona Mwalimu ulimwondolea kwa sala na maji tu, mimi unaniacha nakoroma kama mbuzi mwenye homa? Nikadhani hanipendi."

Nilitafuta hasira yangu, niliyokuwa nayo siku tisa, sikuipata pale nilipoihitaji.

"Nenda nyumbani, Mwalimu. Shikamoo."

Alinipa shikamoo wakati wa kunifukuza. Nikaitikia. Ningefanyaje?

Jumamosi, 14 Juni

Ya kumi na moja. Asubuhi kwa mchungaji. Nilimwambia kesho nitashuhudia, lakini nitashuhudia mambo yalivyo. Alinisikiliza vizuri, mikono juu ya meza. Ni kijana mpole, angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Kisha akasema, "Mzee wangu, kwa nini tuwasumbue waumini? Ulisema umeacha sigara. Na sigara uliacha. Hukusema uongo."

Sentensi hiyo naijua. Nimejiambia mwenyewe kwa miaka sita, kwa maneno hayo hayo na kwa mpangilio huo huo. Kuisikia kinywani mwa mtu mwingine, tena ndani ya ofisi ya kanisa, kulinitia ghadhabu mpaka nikasahau kuaga. Mlango niliubamiza.

Mchana alinitumia ujumbe kwamba kipindi cha ushuhuda kimeondolewa. Kwaya itaongeza wimbo.

Jumapili, 15 Juni

Ya kumi na mbili. Kwaya iliongeza nyimbo mbili.

Yona hakuja kanisani. Mkewe alikuja.

Baada ya ibada tulitoka nje kunadi mavuno kama kawaida: mtama, uwele, karanga, maboga, kuku. Mimi ndiye ninayenadi kila mwaka kwa sababu ya sauti yangu. Mchungaji hakukumbuka kuniondoa huko. Nilipanda juu ya benchi. Nikauza karanga. Nikauza madebe mawili ya mtama. Kisha nikapewa jogoo mwekundu, nikamweka kwapani, watu wakasogea.

Sikupanga. Nilisema: kabla hamjataja bei, sikilizeni. Miaka sita iliyopita mlinipigia vigelegele. Nikawaambia vigelegele vile havikuwa haki yangu, na kwa nini. Nilisema nimeacha kabisa kwa siku kumi na mbili tu. Nilisema kuna mtu aliyeacha kwa kweli, peke yake, kwa kuniamini, na nilimvunja kwa ulimi wangu. Jina la Yona sikulitaja. Mkewe alitazama maboga.

Mchungaji alikuwa anakunja na kukunjua karatasi ya matangazo. Jogoo akapiga mbawa, nikambana.

Bibi mmoja mzee sana, ambaye amenusa ugoro tangu kabla sijazaliwa, akauliza kwa sauti ya kawaida, "Sasa na mimi je? Na mimi nipande kwenye benchi?"

Watu wakaangua kicheko. Sauti ya mwanamume kutoka nyuma: "Mwalimu, tumekusikia! Huyo jogoo unamuuza au unamwungamisha?"

Nikamuuza. Alipata bei kubwa kuliko jogoo wa mwaka jana.

Nimerudi nyumbani nimekasirika kuliko nilivyokwenda. Nilidhani itaniuma zaidi. Kwa kukiogopa kicheko kile nimelipa miaka sita, na kilikwisha kabla ya maboga. Na mguu wa Yona uko pale pale.

Jumanne, 17 Juni

Ya kumi na nne. Hakuna mtu aliyepita. Nimepiga salfa mizabibu yote. Stoo nimeiwekea kufuli jipya, na ufunguo unaning'inia ukutani.

Jumatano, 18 Juni

Ya kumi na tano. Mke wa Yona amemwambia Mama Amosi kwamba mumewe ameacha tena tangu jana. Yona hakumtuma aseme. Jumatatu ijayo anarudi kliniki kuonyesha kidole, na hapo ndipo daktari atakapoamua.

Jioni nilikwenda zizini. Alikuwa anakata kwato, ameketi chini, mguu mbaya ameufunga kitambaa cheupe. Hakunikaribisha, hakunifukuza. Nilikaa juu ya jiwe. Alikuwa anatokwa jasho ingawa kulikuwa na baridi.

Alipomaliza ukwato mmoja nilisema, "Kesho itakuwa mbaya kuliko leo."

"Najua. Nilishafika huko kabla yako."

Ni kweli.

Alikata ukwato mwingine. Mbuzi alirusha miguu.

"Mpaka ya kumi nazijua," alisema bila kunitazama. "Ya kumi na moja ndiyo siijui."

"Ya kumi na moja niligombana na mchungaji. Niliubamiza mlango wake."

Alipangusa kisu.

"Na ya kumi na mbili ndiyo ile ya jogoo."

"Ndiyo."

"Na ya kumi na tatu?"

"Nililala mpaka jua likatoka. Mikono ilikuwa imetulia. Nilidhani ni ya mtu mwingine."

"Kweli?"

"Kweli."

Nikamwambia Jumatatu nitakwenda naye kliniki, kama hatakataa. Alimvuta mbuzi mwingine kwa sikio.

"Haya, Mwalimu. Shika huyu miguu ya nyuma."

Nikashika.