Siku Niliyonyang'anywa Kipanya

Mjukuu wangu Nassoro,

Shikamoo yako imefika Kiegeani, nami naitikia marahaba. Usicheke! Mdogo wake bibi yako ni bibi, hata akiwa kidato cha pili. Dada yangu, bibi yako mwenyewe, ni mzima, anaanika mwani na kukutaja.

Unasema huko Dodoma mnakaa wanne kwenye kompyuta moja, na unaogopa kuchekwa. Hata mimi niliogopa. Ndiyo maana kila kipindi nilikuwa nakimbilia kipanya: mwenye kipanya ana kazi, haulizwi kitu.

Siku moja tukichora chati ya mvua, mwalimu akaninyang'anya kipanya, akampa Shamte, mwenzangu wa mezani. "Wewe mwelekeze," akaniambia. "Shamte, usiguse mpaka uambiwe."

Nikanong'ona, "Bonyeza pale."

"Pale wapi, dada? Hapa pote ni pale!"

Wenzetu wakaangua kicheko. Nilitamani kuingia chini ya meza. Nikajaribu Kiingereza, nikahamia Kiswahili, kote nikakwama. Kumbe vidole vyangu vilijua njia, mimi mwenyewe siijui.

Mwajuma, tuliyekaa naye meza moja, akauliza, "Kwani tunachagua namba kwanza, au chati?"

Hapo ndipo nikaelewa pa kuanzia. "Namba kwanza!" nikasema, kwa sauti iliyofika hadi meza ya jirani, na wa huko nao wakafuata.

Chati ikatokea. Shamte akapiga meza: "Kumbe una mdomo!"

Watakucheka kidogo, mjukuu wangu, halafu mmoja wao atauliza swali lile lile unalolihitaji. Mimi siku hizi kipanya nawaachia wenzangu.

Bibi yako mdogo,
Zuhura