Kofia ya Chuma ya Précieuse

Flemingsberg, 14 Januari 2013

Papa mpendwa,

Pokea salamu zangu za mwaka mpya. Mimi ni mzima, masomo ya uuguzi yanaenda, na chumba hiki kina joto kuliko kile cha mwaka jana. Natumaini mgongo wako umetulia na kwamba hulali tena kwenye kiti huko karakana.

Najua utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu anayekaa vituo viwili tu vya treni kutoka kwako. Lakini wote wawili tunajua yanayotokea tukikaa meza moja. Mimi najikuta nakujibu Kiswidi, wewe unapandisha sauti, na chai inapoa. Kwenye karatasi angalau nitamaliza ninachotaka kusema.

Mwezi wa tano kuna mashindano makubwa ya yale mapigano ya kizamani, hapa hapa Stockholm, na klabu imeniweka kwenye timu ya wanawake. Unayajua vizuri: mavazi ya chuma kama ya mashujaa wa Ulaya wa zamani, mapanga butu, uwanja wenye uzio wa mbao. Wewe ndiye uliyenipeleka kwao, uliponituma nikiwa shule kuwapelekea kazi zako. Sasa nina karibu kila kitu. Koti la ndani la pamba nimelishona mwenyewe, vidole vimejaa matundu ya sindano. Glavu za chuma nimenunua kwa mtu aliyeacha. Nimebakiza kofia tu, na nakuomba unitengenezee.

Binti yako,
Précieuse


Tumba, 30 Januari 2013

Précieuse mwanangu,

Barua imefika. Mimi nipo, Mungu bado ananivumilia. Barafu ya mlangoni iliniangusha wiki iliyopita mbele ya yule jirani mwenye mbwa, nikaona haya kuliko maumivu. Maman Maombi wa kanisani anakusalimu, anauliza kama wazungu wamekukataza kusali.

Kuhusu kofia, jibu ni hapana.

Mchana nachomelea malori, jioni nawagongea hao Waswidi kofia na vifua vya chuma. Ni kazi, inanilisha. Lakini unajua wananiletea nini baada ya kila mashindano? Kofia zilizobonyea. Naziweka mezani, napapasa lile bonde kwa kidole gumba, na najua kichwa kilikuwa kimeelekea wapi kilipopigwa. Wenyewe wanasimama hapo wanacheka. Wale ni watoto wa watu wengine, wana wazazi wao wa kuwakataza. Wewe una mimi.

Na nikwambie jambo moja. Mtu akishavaa chuma anasogea mbele. Asingekuwa nacho angebaki nyuma akafikiri kidogo. Maman yako angekuwa hai angesema hivyo hivyo, ila yeye angesema polepole na ungemsikiliza.

Njoo Jumapili baada ya ibada, nitapika sombe, majani ya muhogo kama ya nyumbani.

Papa yako


Flemingsberg, 18 Februari 2013

Papa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila mafua yamenipitia kama yalivyompitia kila mtu wodini. Samahani sikuja kula sombe. Ningekuja tungegombana, na nilitaka barua yako nijibu nikiwa na akili timamu.

Unaniona kama mtoto anayecheza vita. Nisikilize. Nikiwa kazini, kwenye treni, dukani, kila mtu ana swali lake kwangu. Ninatoka wapi. Nikisema Tumba, anarudia: hapana, unatoka wapi hasa. Ndani ya kofia hakuna anayeniuliza. Wananipiga kama wanavyompiga mwingine yeyote, nami nawarudishia. Hujui jinsi ninavyopumua vizuri humo ndani.

Jumamosi kwenye mazoezi nilitazama safu yetu. Rayan amevaa kofia yako. Tiana amevaa kofia yako. Hata yule mwalimu mzee mwenye ndevu, kifua chake ni kazi yako. Kila mmoja pale amevaa kazi ya mikono yako, isipokuwa mtoto wako. Wananiuliza kama baba yangu ananichukia, na mimi nacheka nao.

Ukikataa nitanunua ya kiwandani kwenye mtandao, bati jembamba la kuchomea maandazi, na nitaingia nayo uwanjani. Kuingia nitaingia.

Binti yako,
Précieuse


Tumba, 10 Machi 2013

Mwanangu,

Salamu. Nimeyasoma uliyoandika, nimeyasoma tena.

Njoo Jumamosi nikupime kichwa. Usisuke rasta nene, kipimo kitaharibika. Usiniulize kilichonibadilisha.

Papa yako


Flemingsberg, 2 Mei 2013

Papa mpendwa sana,

Salamu, na shukrani kabla ya salamu. Maman Maombi ameniletea kofia kwenye ule mfuko wake mkubwa wa buluu. Alisema njiani watu walidhani amebeba sufuria ya harusi.

Nimeivaa na kuvua sijui mara ngapi. Imenikaa kama nilizaliwa nayo. Siku ile ya kunipima ulikunja uso, ukazungusha uzi kichwani mwangu kama unampima mgonjwa, nikarudi nyumbani nikifikiri umenikasirikia. Kumbe ulikuwa unafikiria hivi. Nilipogeuza ndani nikaona umeishonea kitenge cha Maman, kile cha kijani cha Pasaka. Nililia, Papa. Nikichoka uwanjani nitakuwa nimelaza kichwa kwake.

Nina swali moja dogo, usikasirike. Unajua kabla ya pambano wakaguzi hupitisha kipande cha nondo kwenye mwanya wa macho. Nondo ikipenya, kofia inakataliwa, hakuna mjadala. Nimepima mwanya wetu kwa rula nikaona umezidi kidogo. Najua wewe hukosei kipimo, lakini niambie. Bado kuna muda, na Rayan ana mashine ya kuchomelea.

Njoo unitazame. Nitakuwekea kiti mbele.

Binti yako anayekupenda,
Précieuse


Tumba, 8 Mei 2013

Précieuse,

Salamu. Mimi mzima.

Mwanya uko sawa. Hizo rula za shule hudanganya. Nilipima mimi. Rayan asiiguse na mashine yake, atakuharibia chuma.

Kuja sitaweza, kuna lori la mtu linanisubiri. Nenda kwa amani.

Papa yako


Tumba, 3 Juni 2013

Mwanangu Précieuse,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Leo nauliza hali yako kwa sababu siijui kabisa. Habari nilizipata kanisani, kutoka kwa Maman Maombi, mbele ya watu, kwamba binti yangu amelazwa hapo hapo Flemingsberg na mimi sijui. Nilipanda treni na nguo zangu za ibada. Muuguzi, msichana mpole, akaniambia umeomba usione mtu. Nilimwambia mimi si mtu, mimi ni baba yake. Akasema anaelewa, lakini mlango haukufunguka. Nilikaa kwenye korido mpaka wakaanza kupiga deki.

Nimerudi mara nyingine, jibu ni lile lile. Sasa nasikia umetoka, na simu hushiki.

Rayan amenieleza kidogo. Anasema kofia ilikataliwa, ukaazima yake. Kwa nini uliazima? Kofia ilipokataliwa ungerudi nyumbani. Mtu yeyote mwenye akili angerudi nyumbani. Nilikuwa nimeshapika.

Niandikie hata mstari mmoja.

Papa yako


Flemingsberg, 22 Septemba 2013

Papa,

Salamu. Sikuandika mapema kwa sababu daktari alinikataza kusoma na kuandika, na baadaye kwa sababu sikutaka.

Utataka kujua yaliyotokea, basi ni haya. Mkaguzi alipitisha nondo ikapenya, akarudia ikapenya tena. Akaniuliza kofia imetengenezwa na nani. Nilipotaja jina lako alishangaa, akaniambia amekagua kazi zako kwa miaka na hajawahi kurudisha hata moja. Timu ilikuwa na upungufu, wenzangu wananitazama. Rayan akanipa yake. Kichwa chake ni kikubwa, tukajaza skafu. Pigo la kwanza la pembeni liliizungusha kofia, nikawa sioni, na la pili sikuliona likija.

Sikio la kushoto halisikii tena. Lile la kulia lina mlio usiokoma. Nikisimama muda mrefu sakafu inazunguka, na muuguzi asiyeweza kusimama hana kazi wodini, kwa hiyo masomo nimeyaacha. Ukija sasa unaweza kupandisha sauti unavyotaka, ilimradi ukae upande wa kushoto.

Nililala kwenye chumba chenye giza nikawa nafikiria jambo moja tu. Wewe unarudisha mlango mzima kwa fundi mwenzako kwa sababu bawaba imezidi unene wa ukucha. Kisha nikasoma tena barua yako ya Juni. Ulikuwa umeshapika. Ulipika kabla ya mtu yeyote kukwambia kofia imekataliwa.

Sihitaji unijibu kama ni kweli. Nijibu kwa nini.

Précieuse


Tumba, 1 Oktoba 2013

Précieuse mwanangu,

Nakusalimu. Hali yangu usiulize.

Ni kweli. Niliupanua mwanya kwa tupa, usiku ule wa mwisho kabla ya kumpa Maman Maombi. Nilitaka wakufukuze pale mlangoni, urudi umenuna, tule, unichukie wiki moja ukiwa mzima. Hesabu yangu ilikuwa hiyo tu. Watu wa kuazimana kofia sikuwafikiria.

Kaka yako Janvier humkumbuki, ulikuwa mdogo mno. Tulikwambia vita ilimchukua, basi. Vita ilipofika kwetu Uvira vijana wa mtaa walikusanyika, naye akataka kwenda. Nilimzuia, akakataa. Nikasema kama ataenda, haendi kifua wazi. Nilikata pipa la mafuta, nikaligonga mpaka likamkaa kifuani, nikamfungia kamba mwenyewe chini ya shati. Kilikuwa kizuri. Alijigonga kifua mbele ya wenzake, wakacheka. Na kwa sababu ya kile chuma wenzake walimweka mbele. Aliyemrudisha aliniambia hivyo: wengine walilala chini, yeye alisimama mbele. Risasi ilipita kwenye pipa kama kwenye karatasi.

Tangu siku hiyo naweza kumvalisha chuma mtoto wa mtu yeyote duniani, si wangu. Ungenielewa kama ningekwambia? Ungesema ile ni vita na huu ni mchezo.

Karakana nimeifunga. Waswidi wanapiga simu, sishiki.

Nisamehe, mama yangu.

Papa yako


Flemingsberg, 24 Novemba 2013

Papa,

Salamu. Afya yangu ni ile niliyokueleza.

Nimemlilia Janvier, na wewe nimekulilia pia, usidhani nimekuwa jiwe. Ningeambiwa habari zake mapema, labda nisingeivaa kofia yoyote. Hilo hatutalijua tena.

Lakini Janvier ulimpa chuma ulichokuwa nacho, ukakigonga kwa uwezo wako wote, na kikashindwa. Hilo si kosa lako na sitakubali ulibebe. Mimi nimekukuta una chuma kizuri na vifaa vyote, na ukanipa kilichoharibiwa kwa makusudi, ukakifunika na kitenge cha Maman. Ungeshikilia hapana yako mpaka mwisho ningekasirika, ningenunua nyingine mapema na kuizoea. Hata baada ya hapo nilikuuliza. Nilikuandikia nikakuuliza, nawe ukaniambia rula yangu inadanganya. Papa, niliitupa ile rula.

Nahamia Bredäng kwa Tiana mwezi ujao. Anwani sitakuandikia kwa sasa, na Maman Maombi nimemwomba asikupe.

Yeye ndiye atakayekuletea kofia. Kitenge nimekifumua, hicho nabaki nacho. Unaweza kuipapasa kwa kidole gumba unavyowapapasia wengine, hutapata bonde lolote. Kichwa changu hakikuwamo.

Précieuse