Dawa ya Kiungulia ya Babu Novatus

Kampire, acha kila kitu usome. Bibi ametoboa siri ya babu Novatus sasa hivi, mbele ya wakwe zangu!

Mwaka 1992 babu alikuwa karani wa kahawa hapa Nyabiyonza, na kiungulia kilikuwa kinamuunguza kifua. Daktari akamwandikia simetidini. Jirani yake Theoneste, naye mgonjwa wa kiungulia, alipewa vidonge vya magnesiamu, vile vya kutafuna. Babu akamcheka: "Wewe unatafuna chokaa. Yangu ndiyo dawa!" Na kweli, vile vidonge vilimharisha Theoneste, akawa anashinda chooni.

Baada ya miezi mitatu babu akaanza kuvaa koti juani. Bibi akamvua kwa nguvu.

Matiti, Kampire. Babu ameota MATITI!

Yeye alidhani ni saratani, akaanza kuaga watoto. Bibi akamburuta hospitali.

Daktari akasema, "Mzee, ni hiyo dawa. Ukiiacha yatapungua. Nakupa ranitidini, ila pombe ya rubisi uache kabisa."

Babu akatazama kifua chake, akafikiri weee.

"Daktari," akasema, "hebu nirudishie zile za matiti."